Ukisikia Nakuita, Usinyanyuke

Wiki sita baada ya kuachishwa kazi, Mama Foleni alikuwa bado anaita wagonjwa hospitalini. Kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, sauti yake ilitoka kwenye spika nne za ukumbi wa wagonjwa wa nje, ikataja jina, nambari na chumba, na watu wakasimama. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa mitaa minne mbali, nyuma ya duka la dobi, akipiga pasi mashuka ya hoteli.

Jina la Mama Foleni alipewa na majirani kwa utani, likanasa. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama mlangoni pa ukumbi ule na daftari lake akiita watu kwa zamu, na mtaani hapakuwa na mtu ambaye hakuwahi kuitwa naye, akiwa na homa, au mimba, au mkono ulioteguka. Alikuwa na mtindo wake. Jina aliliita mara mbili. Mara ya tatu hakuita. Alikunja daftari akaenda kumtafuta mwenye jina, kwa sababu, alisema, mtu akiitwa mara mbili asisimame ana sababu yake, na sababu haitibiki kwa kelele. Wazee aliwashika mkono. Wasioona aliwaambia kila walipokaribia mlango, "Taratibu, sakafu ina maji," maana msafishaji wa pale alipenda kupiga deki saa ambazo watu ni wengi.

Kisha hospitali ikanunua mfumo. Wakamwita ofisini, wakamsifu sauti, wakamtia kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, na kwa wiki tatu akasoma. Nambari moja mpaka mia tisa tisini na tisa. Vyumba vyote. Sentensi zisizo kichwa wala miguu, za paka na mvua na bei ya sukari, ambazo fundi wa mitambo alisema zinaisaidia mashine kujifunza. "Usivute maneno, mama," fundi alimwambia. "Soma kawaida tu." Aliuliza kama asome pia ile ya sakafu. Fundi akatabasamu, akasema hiyo haina haja.

Siku ya mwisho alitia sahihi, akapewa bahasha yenye mishahara ya miezi miwili na shukrani nyingi. Mashine ikaanza kusema, na ikasema hata maneno ambayo hajawahi kuyasoma: majina ya watu, matangazo ya chanjo, pole kwa wanaosubiri. Yote kwa sauti yake, safi, bila kile kikohozi chake cha asubuhi. Barua ya kumwachisha kazi ilikuja siku ya tatu.

Angepaswa kusema nyumbani siku hiyo hiyo, lakini tusimlaumu haraka. Alirudi amejiandaa kabisa, barua ikiwa mkobani, akamkuta jirani sebuleni anamwambia mama mkwe wake, "Leo mkweo kaniita vizuri, nikasikia raha hata kabla ya dawa." Mama mkwe akacheka kwa fahari. Mumewe, fundi wa makochi, alikuwa kwenye kiti cha pembeni ameshika tama, oda ya viti kumi na viwili imemponyoka. Mama Foleni akasema moyoni, kesho. Kesho yake jirani mwingine akaleta habari kwamba kamsikia. Uongo wake haukuhitaji hata kusemwa, spika zilimsemea. Basi asubuhi alivaa sare ya hospitali, akaivua chooni kwa dobi, na jioni akaivaa tena.

Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alibakiwa na mwanga na vivuli. Kutoka kitandani kwake mpaka chooni zilikuwa hatua kumi na nne, alizihesabu kwa sauti ya chini, na mtu akiacha ndoo njiani hesabu iliharibika, na heshima yake pamoja nayo. Mara mbili mwezi ule hakuwahi. Mwanawe ndiye aliyefua mashuka, kimya, na kimya kile kilimuuma mama kuliko kama angegombezwa.

Madaktari wa macho walikuja hospitali ile mara mbili kwa mwaka, siku moja tu kila safari. Safari hii ilikuwa Alhamisi. Jina lake lilikuwa limeandikwa, nambari thelathini na nane.

"Utaniita wewe mwenyewe?" aliuliza asubuhi ile, amekaa kitandani ndani ya gauni lake la kutokea, nywele zimesukwa tangu jana.

"Nani mwingine, mama?"

"Basi siogopi. Wengine wanaita watu kama wanafukuza kuku."

Mama Foleni alipiga magoti kumfunga viatu, na hilo lilimsaidia, kwa sababu hata mbele ya mtu asiyeona alitaka kuficha uso. "Ila sikiliza, mama. Ukisikia nakuita, usinyanyuke. Watu ni wengi na sakafu ile unaijua. Kaa hapo hapo. Nitakuja nikushike mkono."

"Hata ukiita mara ngapi?"

"Hata nikiita mara ngapi. Nitakuja."

Mpango aliupanga hivi. Enzi zake, nambari thelathini na nane haikufika kabla ya saa sita mchana. Kwa dobi angeomba ruhusa saa nne, saa nne na nusu angekuwa benchini kando ya mama mkwe, na jina likiitwa angemshika mkono amwingize ndani, kama siku zote. Mtu asiyeona hawezi kujua kama aliyemshika ametoka mlangoni au alikuwa kando yake. Jioni bibi angerudi na kitambaa jichoni, kila mtu angekuwa na furaha, na katika furaha ile angesema ukweli. Ulikuwa mpango mzuri, ila aliupanga kwa saa za zamani.

"Mfikishe benchi la mbele," alimwambia mumewe. "Mimi nitakuwa ndani napanga mafaili, usinisubiri. Una viti vya watu."

Fundi alimfikisha mama yake saa mbili na nusu. Spika ikaita mtu wa chumba cha tano, na fundi, aliposikia sauti ya mkewe, alijikuta anapunga mkono kuelekea mlangoni. Kisha akamwekea mama chupa ya maji mapajani, akaenda zake akiwa hana wasiwasi wowote.

Mwenye dobi alikuwa mama mnene mwenye hesabu kali na moyo usiokuwa mbaya sana. Lakini gari la hoteli lilikuwa linakuja saa tano, na msichana wa pasi ya pili hakuja.

"Uliniambia unataka kutoka saa nne," alisema. "Mimi sikujibu ndiyo."

"Mama mkwe wangu anapasuliwa jicho leo."

"Na hoteli wakikosa mashuka, mimi watanipasua wapi? Yamebaki arobaini. Maliza, uende."

"Ataitwa nisipokuwepo."

Mwenye dobi alicheka, na hakucheka kwa ubaya. "Si uko huko tayari? Juzi nilimpeleka mjukuu wangu, nikakusikia. Nikasema, huyu mwanamke ana bahati, yuko kazini kwangu na yuko kazini kwake."

Wafanyakazi wengine walicheka pia. Mama Foleni alishika pasi. Alipiga shuka baada ya shuka, akikunja pembe kwa pembe, macho kwenye saa ya ukutani, na shuka la ishirini na sita akaliunguza kidogo ukingoni, akaliweka chini kabisa ya rundo.

Mfumo haukuwa na mambo ya kungoja. Ulimwita mtu mara tatu, kila mara ukipumzika sekunde ishirini, na asiposimama ulimwandika hakufika ukaenda kwa mwingine. Ndiyo maana saa nne na dakika kumi spika zilitaja jina la mama mkwe, lake na la baba yake, nambari thelathini na nane, chumba cha macho.

"Nimekusikia, mwanangu," mama mkwe alijibu.

Mwanamke aliyekaa kando yake alimgeukia. "Bibi, ni wewe unaitwa?"

"Ni mimi. Anakuja kunichukua."

"Nani?"

"Huyo anayeita. Ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Kaniambia nisinyanyuke."

Mwanamke yule aliitazama spika ukutani, akamtazama bibi, gauni lake na viatu vyake vilivyofungwa vizuri. Alitaka kusema neno. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye homa na nambari yake ilikuwa karibu, na ni nani anayejua mambo ya watu na wakwe zao.

Spika iliita mara ya pili. Mama mkwe aliitoa chupa mapajani, akaiweka chini ya benchi, apate kuacha mikono wazi. Ilipoita mara ya tatu alitabasamu kidogo, akawaza kwamba binti leo ana kazi nyingi. Kisha sauti ile ile ikamwita nambari thelathini na tisa, na yeye akakaa, mkono wa kulia ameutanguliza kidogo mbele yake, tayari kushikwa. Alikaa hivyo saa nzima na dakika ishirini.

Mama Foleni aliingia saa tano na nusu akikimbia, aproni ya dobi bado kiunoni, mikono imelowa jasho mpaka viwikoni. Alimwona benchi la mbele, akashusha pumzi. Yupo, bado, tumewahi.

"Mama, nimekuja."

Mama mkwe aligeuza uso kuelekea kwake. Na wakati huo huo, juu ya vichwa vyao, sauti hiyo hiyo ikasema: nambari mia moja na sita, chumba cha pili.

Bibi aligeuza uso juu, akaurudisha chini. Ule mkono aliokuwa ameutanguliza tangu saa nne aliurudisha kifuani.

"Wewe ni yupi?" aliuliza.

Mama Foleni alijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa amepanga maneno mengi ya siku ya kusema ukweli, yote yalikuwa ya jioni, ya nyumbani, ya baada ya jicho kupona. "Mimi ndiye mimi," alisema mwisho. "Ile ni mashine. Walichukua sauti wakaniacha mimi. Ni wiki sita sasa."

"Wiki sita unaamka alfajiri unaenda wapi?"

"Kwa dobi. Napiga pasi."

Bibi alimshika mkono, akaunusa, sabuni na moto wa pasi. "Nilijua harufu imebadilika," alisema. "Nilidhani wamebadilisha dawa za hospitali." Kisha akauliza lile lililokuwa kubwa kuliko yote: "Sasa zamu yangu?"

Karani wa kompyuta alikuwa dada waliyekula naye chakula cha mchana kwa miaka minne. Alibonyeza, akaangalia kioo, akakunja uso.

"Imefungwa. Hakufika."

"Yupo pale tangu saa mbili na nusu."

"Mfumo unasema aliitwa mara tatu."

"Aliitwa na nani?"

Karani aliinamisha macho kwenye vibonyezo. "Na wewe," alisema.

Watu watatu waliokuwa kwenye foleni ya karani walisikia. Mmoja alicheka, halafu akaona aibu akajifanya anakohoa. Mama Foleni alihisi machozi yakimpanda na akayarudisha, maana hapa palikuwa kazini kwake, na kazini kwake hajawahi kulia.

"Wangapi hawakufika chumba cha macho?"

"Saba. Daktari amemaliza mapema, amefurahi. Wanafungasha, wana safari saa nane."

"Niandikie hao saba. Na hiyo spika ipunguze."

"Watanifukuza."

"Dakika tano tu. Mwambie mkuu ilikuwa na kikohozi."

Karani alimtazama, akaandika majina saba nyuma ya karatasi ya dawa, na akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja kama mtu anayeiba. Ukumbi ukanyamaza. Mama Foleni akasimama mahali pake pa zamani, kando ya mlango, na aproni yake, na akaita.

Aliita la kwanza mara mbili. Mara ya tatu hakuita, akaenda. Nambari kumi na mbili alikuwa mzee asiyesikia sikio moja, amekaa na sikio zima ukutani. Kumi na tisa alikuwa ameenda chooni asubuhi akapotea njia, na tangu hapo alikaa benchi la wajawazito akiona haya kuuliza. Ishirini na saba alikuwa mama aliyedhani sauti ya ukutani inaita watu wa vyumba vya kulipia. Watatu kati ya wale saba walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Wa nne kati ya waliobaki alikuwa nambari thelathini na nane.

Aliwapanga mlangoni pa chumba cha macho wakiwa wameshikana mabega, akagonga. Daktari alitoka na koti la safari mkononi, mwanamke mwembamba aliyechoka. Aliutazama mstari ule wa watu wanne waliosemwa hawapo.

"Hawa walikuwa wapi?"

"Hapa hapa, daktari. Hakuna aliyewafuata."

Daktari aliangalia saa. Aliita msaidizi wake, wakanong'onezana kuhusu barabara. "Nina muda wa watatu," alisema. "Wanne siwezi, nitasema uongo nikikubali. Nipe watatu."

Fundi wa makochi alifika wakati huo, vumbi la mbao kwenye nyusi, amekuja kuuliza kama mama ameshatoka. Alimwona mkewe na aproni ya dobi, akamwona mama yake mwisho wa mstari. Karani, aliyewafuata mpaka pale, alimweleza kwa maneno machache, mengine akayaelewa mwenyewe. Hakuuliza la kazi. Alikuja karibu, akasema kwa sauti ndogo:

"Karatasi unayo wewe. Mama aende wa kwanza."

"Ni wa nne."

"Nani anajua?"

Karani naye aliyekuwa nyuma yao akasema chini chini, "Kweli, nani anajua?"

Mama Foleni aliitazama karatasi. Alijua hesabu ya hatua kumi na nne. Alijua yale mashuka yaliyofuliwa kimya. Alijua pia kwamba ni yeye aliyemwambia bibi asinyanyuke, na kwamba sasa hivi, kwa kutamka jina moja kabla ya mengine, angeweza kulipa kosa lote na hakuna ambaye angemshtaki. Yule mzee wa sikio moja alikuwa amemshika aproni kwa nyuma, kwa vidole viwili, asije akaachwa tena.

Alimwita nambari kumi na mbili. Akamwita kumi na tisa. Akamwita ishirini na saba. "Taratibu," alimwambia kila mmoja mlangoni, "sakafu ina maji." Mlango ukafungwa.

Fundi alikuwa mtu mpole, majirani walimjua hivyo, na alilosema hakulisema kwa kelele. "Mama yangu umemuuza mara mbili. Asubuhi kwa sauti, mchana kwa foleni."

"Sikuweza," mkewe alisema. "Nilitaka, wallahi. Mdomo umekataa."

Fundi alitaka kumjibu, mama yake akamzuia kwa kugonga sakafu na kiatu. "Nyamaza wewe. Rudi kwenye viti vya watu."

"Mama, ni miezi sita tena."

"Najua kuhesabu. Siku hizi kazi yangu ni kuhesabu. Nenda."

Fundi alisimama kidogo, akawatazama wote wawili, kisha akaondoka bila kuaga. Daktari, kabla ya kuosha mikono, alitoa kichwa mlangoni akauliza jina la bibi, akaliandika kwa kalamu kwenye daftari lake mwenyewe, ukurasa wa safari ijayo, mstari wa kwanza. Ilikuwa ndiyo yote aliyoweza, na Mama Foleni alimshukuru kama mtu aliyepewa kikubwa.

Walipita ukumbini polepole, bibi ameushika mkono wa mkwewe kwa nguvu kuliko siku zote. Karani alikuwa amerudisha spika mahali pake. Walipofika mlango mkubwa, sauti ilisema juu yao, tamu, isiyo na haraka: asanteni kwa kututembelea, tunawatakia afya njema.

Zamani bibi angejibu. Alikuwa na tabia ya kuijibu sauti ile popote alipoisikia. Safari hii alisimama, kichwa amekiinamisha, akasikiliza mpaka ikamaliza.

"Iliniita mara tatu ikaniacha," alisema. "Na wewe umenipanga mstarini, ukaniacha pia."

"Ndiyo, mama."

"Lakini wewe niko nawe."

Mama Foleni alilia sasa, pale kizingitini, kwa sababu hapakuwa tena kazini kwake, na bibi alimwacha alie bila kumbembeleza, akisubiri tu, kama anayesubiri mvua ipungue ndipo avuke.

"Haya, twende," alisema baadaye. "Ila usinyamaze. Mimi sikuoni, na sauti yako siku hizi iko kila mahali. Zungumza mpaka nyumbani, nijue nimeshika mkono wa nani."

"Nizungumze nini?"

"Hizo wiki sita. Anzia siku ya barua."

Waliteremka ngazi, moja, mbili, tatu. Mama Foleni akakohoa kile kikohozi chake, akaanza siku ya barua.